Jani Lisilo Pacha

Katika mji wa Hannover, nchini Ujerumani, iko bustani iitwayo Herrenhausen, ambamo siku moja, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, bwana mmoja aliizunguka miti yote akitafuta majani mawili yaliyo sawa kwa kila hali. Alikuwa amemsikia Gottfried Wilhelm Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati wa nyumba ya watawala wa mji huo, akisema mbele ya Sophie, bibi mkubwa wa nyumba hiyo, kwamba majani ya namna hiyo hayapo. Naye, kwa kuliona neno hilo ni jepesi kubatilishwa, akajitapa kwamba atayaleta, na Bibi Sophie akamtaka ayalete. Kila nikisoma kisa hiki humwona akilini mwangu, akiyalaza majani mawili mawili juu ya kiganja, akiyainua kwenye mwanga wa jua, na kuyatupa. Alitafuta muda mrefu, akarudi mikono mitupu. Leibniz alikisimulia kisa hicho mwaka 1716, ambao ndio mwaka wa mwisho wa uhai wake, katika barua yake ya nne kwa Samuel Clarke, kasisi wa Kiingereza na rafiki wa Newton.

Lililonishughulisha miaka mingi katika kisa hiki si yale matokeo ya utafutaji, kwani bustani moja haiwezi kuithibitisha kauli isemayo juu ya majani yote ya dunia. Ni hali ya Leibniz mwenyewe, ambaye hakuhangaika vichakani kwa kuwa hakuona haja ya kutafuta. Yeye alijua. Na ukimwuliza amejuaje, ilhali hakuyahesabu majani ya hata mti mmoja, atakujibu kwa hoja ya hatua mbili: kwanza, hapana jambo litokealo pasipo sababu yenye kutosha ya kulifanya liwe hivi badala ya vingine, pili, lau yangekuwapo majani mawili yasiyotofautiana kwa lolote, isingekuwapo sababu ya kulifanya hili liote tawi la mashariki na lile tawi la magharibi, na Muumba, ambaye hatendi kwa kubahatisha, asingekuwa na la kumfanya ayapange hivyo badala ya kinyume chake. Basi hayapo.

Msomaji aliyepata kukaa chuoni mbele ya mwalimu wa tauhidi akisomeshwa sifa ishirini, atakumbuka kwamba kabla ya kuzifikia sifa hizo alifundishwa kwanza hukumu ya akili: kwamba kila jambo ama ni wajibu, akili haikubali kutokuwapo kwake; ama ni muhali, akili haikubali kuwapo kwake; ama ni jaizi, akili yayakubali yote mawili. Mgawanyo huo ni ufunguo bora kuliko wowote niujuao wa kumfungulia mtu wetu mlango wa falsafa ya Leibniz, kwani yeye naye alizigawa kweli zote mafungu mawili: kweli za akili, ambazo kinyume chake ni muhali, kama zile za hisabati, na kweli za matukio, ambazo kinyume chake ni jaizi, kama vile Kaisari kuuvuka mto Rubicon, ambao angeweza asiuvuke. Lakini alishikilia, na hapo ndipo penye uzito, kwamba hata lililo jaizi halikutokea hivi hivi. Nalo lina sababu yake, na sababu hiyo ina sababu, ijapokuwa msururu huo hauna ukomo na akili ya mwanadamu haiwezi kuufikia wote.

Hapo ndipo metafizikia, yaani elimu ya kuwapo kwa vitu kabla havijapimwa wala kuhesabiwa, inapoanza kuiunda nadharia ya maarifa. Mvuvi wa Pate au wa Mafia anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huja kwa nguvu na kutoka kwa nguvu, nasi tukayaita bamvua. Amelijua hilo kwa miaka arobaini ya macho yake, na baba yake alilijua kabla yake, wala hapana mwenye haki ya kuyadharau maarifa hayo, maana yamewarudisha watu wengi nyumbani salama. Hata hivyo mwanafalsafa wa akili, akiwa ni Descartes au Spinoza au Leibniz, atasema kwamba mvuvi amejua kuwa jambo liko, bado hajajua kwa nini liko. Na madhali ulimwengu umejengwa kwa sababu tangu msingi hadi paa, ilimu ya kweli ni ile ya kwa nini. Mtu asiyeamini hivyo, anayedhani kwamba chini kabisa mambo huwa tu yalivyo, hatakuwa na haja ya kuudai ujuzi huo wa pili, na atatosheka na daftari la matukio. Kwa hiyo, kabla mtu hajashika kipimo chochote mkononi, itikadi yake juu ya ulimwengu imekwisha kumwamulia ni jibu la namna gani atakaloliita jibu.

Rai yangu ni kwamba kanuni hii ya sababu ni kadhi bora na shahidi mbaya. Ikikaa kitini pa hukumu, ikawaita mashahidi na kuwahoji, ikamkataa mwenye maneno yanayopingana, imeifaa elimu ya maumbile kuliko wengi wanavyokiri. Ikishuka kitini na kutaka kutoa ushahidi yenyewe, imepotea. Mifano ya hali zote mbili imo katika habari moja ya karne ya 17 na ya 18, habari ya vitu vinavyogongana, ambayo nitaieleza kwa urefu kwa sababu imo ndani yake kila kitu.

René Descartes alitoa mwaka 1644, mjini Amsterdam, kitabu chake cha Kilatini Principia Philosophiae, na katika sehemu yake ya pili akajenga elimu ya mwendo juu ya sifa moja ya Mungu, nayo ni kutobadilika. Madhali Mungu habadiliki, alisema, kiasi cha mwendo alichokitia katika maumbile siku ya kuyaumba ndicho anachokihifadhi hadi leo, hakizidi wala hakipungui. Na kiasi hicho hupatikana kwa kuuzidisha ukubwa wa kitu kwa kasi yake. Kisha akatoa kanuni saba za vitu viwili vinapokutana. Ya nne katika hizo yasema kwamba kitu kidogo kinachokwenda, kwa kasi yoyote ile, kikikigonga kitu kikubwa kilichotulia hakitakitikisa hata kidogo: kidogo kitarudi kilikotoka, na kikubwa kitabaki palepale.

Nimewahi kuwaletea vijana kanuni hiyo barazani, pamoja na gololi mbili, moja ndogo ya kioo na moja kubwa ya chuma iliyotoka katika beringi ya gari, na kuwataka waseme kabla ya kujaribu. Mmoja akaikubali, kwa kuwa mdogo hamsukumi mkubwa. Tukaiweka ile kubwa juu ya sakafu ya saruji, tukaifyatulia ndogo. Ndogo ikarudi nyuma, kama alivyosema Descartes, lakini kubwa nayo ikasogea, kiasi cha upana wa vidole viwili, taratibu, kila mtu akiiona. Insafu yataka tuongeze kwamba Descartes alijikinga mapema: kanuni zake, alisema, ni za vitu vigumu kabisa vilivyotengwa na kila kilichovizunguka, na vitu hivyo hapa kwetu havipatikani. Lakini kinga hiyo ndiyo inayoonyesha ugonjwa. Kadhi ametoa ushahidi, na shahidi halisi, yaani gololi, alipofika barazani na habari nyingine akaambiwa kwamba kesi haimhusu.

Wengi husimulia habari hii kana kwamba majaribio ndiyo yaliyomshinda Descartes, na hapo ndipo ninapotaka kumshika msomaji mkono, kwa sababu si hivyo tu. Leibniz alizibatilisha kanuni hizo bila ya gololi. Mwaka 1687 alichapisha hoja ambayo kwangu mimi ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kuandikwa juu ya maumbile. Maumbile, alisema, hayaruki. Tofauti ya visababishi viwili ikipunguzwa hata ikakaribia kutoweka, tofauti ya matokeo yao nayo haina budi ipungue na kukaribia kutoweka. Sasa tazama kanuni mbili za mwanzo za Descartes. Ya kwanza: vitu viwili vilivyo sawa kwa ukubwa na kwa kasi vikikutana uso kwa uso, vyote viwili hurudi vilikotoka kwa kasi ileile. Ya pili: kimoja kikizidi kwa ukubwa, hata kwa kiasi kidogo mno, basi hicho huendelea mbele na mwenziwe peke yake ndiye anayegeuka, vikaenda pamoja upande mmoja. Chukua basi vitu viwili vilivyo sawa, na kimoja ukiongezee chembe ya vumbi. Kwa chembe hiyo, ambayo mizani ya sonara haiioni, kitu kilichokuwa kikirudi nyuma kwa kasi yake yote sasa kinakwenda mbele kwa kasi yake yote. Sababu ni ndogo kuliko kitu chochote, na tokeo ni mgeuko mzima. Akili haikubali.

Hebu tuangalie lililotendeka hapo. Leibniz hakusema vitu hugonganaje. Alisema tu kwamba haviwezi kugongana namna hiyo, na alilijua hilo kwa kanuni isiyotoka katika kipimo chochote. Huyo ni kadhi akifanya kazi ya kadhi: hakuwapo tukio lilipotendeka, lakini ushahidi unaojigonga wenyewe anaujua anapousikia. Christiaan Huygens, Mholanzi, alikuwa amekwisha kuzipata kanuni zilizo sahihi kabla ya hapo, naye kwa sehemu kubwa alizipata kwa kufikiri: alimwazia mtu aliyemo katika mashua inayoteleza kando ya ukingo, akizigonganisha tufe mbili mikononi mwake, na mwingine aliyesimama ukingoni akizitazama; akasema kwamba wote wawili hawana budi kuona mambo yafuatayo kanuni moja, kwani hapana sababu ya maji yaliyotulia kumheshimu huyu kuliko yule. Yeyote aliyesafiri kwa jahazi siku ya upepo mwanana, akamwaga chai kikombeni pasipo kukosea, anaijua nguvu ya mfano huo.

Mwaka mmoja kabla ya hoja yake ya kutoruka, yaani 1686, Leibniz alikuwa amekwisha kuukata mzizi wenyewe. Descartes asema kwamba kinachohifadhiwa ni ukubwa mara kasi. Leibniz akauliza: nguvu tuipime kwa nini, kama si kwa kazi inayoweza kuifanya kabla haijaisha? Kazi ya kuinua ratili moja hadi dhiraa nne ni sawa na ya kuinua ratili nne hadi dhiraa moja, na jambo hilo hata wafuasi wa Descartes walilikubali. Basi viache vyote viwili vianguke. Galileo alikwisha kuonyesha kwamba kitu kilichoanguka dhiraa nne hupata kasi mara mbili tu ya kilichoanguka dhiraa moja. Kwa hesabu ya Descartes, ratili moja yenye kasi mbili ina mwendo wa mbili, na ratili nne zenye kasi moja zina mwendo wa nne. Si sawa, ilhali nguvu zao ni sawa. Zidisha kasi kwa kasi yenyewe, kisha kwa uzito, na pande zote mbili utapata nne. Leibniz akakiita kipimo hicho nguvu hai. Na msingi wa hoja yote ulikuwa neno moja la metafizikia, kwamba tokeo zima lalingana na sababu nzima. Kwani likizidi, mtu ataunda chombo kijiendeshacho milele bila ya kupewa chochote, na likipungua, kitu kimetoweka pasipo sababu.

Hadi hapo yote yalikuwa maneno ya karatasini, na kadhi alikuwa bado akimngoja shahidi. Shahidi alikuja katika miaka ya 1720, mjini Leiden, mikononi mwa Willem 's Gravesande, ambaye mwanzoni alikuwa upande uliompinga Leibniz. Alitwaa tufe za shaba zilizolingana ukubwa na kutofautiana uzito, akaziangusha juu ya udongo mfinyanzi uliolainishwa na kusawazishwa, kisha akayakagua mashimo. Tufe nyepesi iliyotoka juu zaidi na nzito iliyotoka chini, maadamu uzito mara kimo ulikuwa sawa, zilichimba mashimo yaliyolingana. Na tufe ileile ikija kwa kasi maradufu ilichimba shimo lenye ujazo mara nne. Aliyafuata mashimo hayo yalikompeleka, akaiacha rai yake ya kwanza. Watu wa namna hiyo ni wachache katika zama zote.

Aliyeyaunganisha yote haya kuwa nadharia moja ya maarifa ni mwanamke, Bibi Émilie du Châtelet wa Ufaransa, katika kitabu chake Institutions de physique kilichotoka Paris mwaka 1740, ambacho alimwandikia mwanawe. Hakuanza na tufe wala na sayari; alianza na kanuni za ujuzi, ya kwamba mambo mawili yanayopingana hayawi kweli pamoja, na ya kwamba hapana jambo pasipo sababu yenye kutosha; akafuatisha mlango mzima wa kuzitetea dhana za kisayansi, akikataa neno la wale waliotaka zipigwe marufuku, maana pasipo dhana mtafiti hana la kulijaribu. Mwishoni kabisa ndipo akaifikia nguvu hai. Mpango huo ndio niusifuo kuliko yote niliyoyasoma katika suala hili: akili hutangulia na kuuliza, dhana hujitolea kujibu, udongo hutoa ushahidi. Baadaye mwanamke huyo huyo alimfasiri Newton kwa Kifaransa, na tafsiri yake ilitolewa kwa ukamilifu mwaka 1759, miaka kumi baada ya kufariki kwake, na Wafaransa wanaisoma hata leo.

Juu ya ugomvi wenyewe wa vipimo hivyo viwili, ulikwisha kwa kila upande kupata haki yake. Kipimo cha Descartes, kikitiwa upande ambao mwendo unaelekea, huhifadhiwa. Na cha Leibniz, kikigawanywa kwa mbili, ndicho tukiitacho leo nishati ya mwendo.

Nimemsifu Leibniz, nami sina budi kumshitaki. Newton alipoonyesha kwamba jua na sayari huvutana kwa kadiri ya uzito wao na ya umbali wao, Leibniz alikataa. Kitu kutenda mahali kisipokuwapo, pasipo chochote cha kufikisha tendo hilo, alikiita muujiza usiokoma, na badala yake akaleta mizunguko ya maji ya angani ambayo hesabu za Newton zilikwisha kuiporomosha. Alipouliza mvuto hupitia wapi, alikuwa na haki, na Newton mwenyewe alipomwandikia Richard Bentley mwaka 1693 alikiri kwamba kitu kutenda mbali pasipo kati ni upuuzi; tofauti yao ni kwamba Newton, akiwa hana jibu, mwaka 1713 alitangaza kwamba hatabuni dhana, ilhali Leibniz alibuni. Kadhi alichoka kungoja, akashuka kitini. Ilipofika mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba mvuto hupita hatua kwa hatua katika mahali na wakati, na swali la Leibniz likawa limeishi karne mbili zaidi ya jibu lake.

Clarke kwa upande wake alimpinga kwa hoja ambayo wanazuoni wetu wa Kiislamu wangeitambua mara moja. Kwa nini Mungu aliuumba ulimwengu huu wakati ule na si kabla yake, mahali hapa na si pale? Leibniz alisema kwamba swali halina maana kwa kuwa wakati na mahali si vyombo vilivyokuwapo vikingojea vitu; ni mpangilio wa vitu vyenyewe. Clarke akasema: yatosha kwamba Mungu alitaka. Al-Ghazali alikwisha kuyasema hayo mwaka 1095, katika kitabu chake cha kuwavunja wanafalsafa, kwa mfano wa mtu mwenye hamu ya tende aliyewekewa mbili zisizotofautiana, asiyeweza kuzitwaa zote mbili: atatwaa moja, kwa sababu kazi ya irada ndiyo hiyo, kukipambanua kitu na mfano wake. Ibn Rushd akamjibu karne iliyofuata kwamba mtu huyo hachagui baina ya tende na tende. Anachagua baina ya kula na kukaa na njaa. Mimi namwelekea Ibn Rushd. Lakini sioni aibu kusema kwamba al-Ghazali aliushika mshipa ambao Leibniz hakupata kuukata.

Na karne ya 20 imewapa wote wawili, kadhi na shahidi, haki yao. Mwaka 1918, mjini Göttingen, mwanahisabati Emmy Noether alithibitisha kwamba kanuni za maumbile zikiwa ni zilezile jana, leo na kesho, nishati haina budi kuhifadhiwa. Kutobadilika kuzaa kuhifadhika, neno la Descartes la mwaka 1644 likiwa sasa na burhani ya hisabati, na likiwa limetolewa katika dhati ya Mungu na kutiwa katika umbo la kanuni. Kisha mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dhaka, aliipata hesabu sahihi ya mwanga kwa kuzihesabu chembe zake kama vitu visivyo na utambulisho, ambavyo ukibadilishana hiki na kile hujabadilisha lolote. Elektroni nazo hazina alama ya kuzipambanua moja na nyingine. Leibniz alikuwa na haki juu ya majani. Juu ya chembe hizo kanuni yake imepata hasimu ambaye wanafalsafa bado wanashindana naye, na aliyemleta hasimu huyo ni shahidi, si kadhi.

Msomaji anayetaka kuingia katika elimu hii namshauri asianze na vitabu vikubwa. Na aanze na barua za Leibniz na Clarke, ambazo zilipita mikononi mwa Caroline, Binti Mfalme wa Wales, kati ya mwaka 1715 na 1716, na ambazo mtu mwenye subira huzimaliza kwa siku tatu. Leibniz alifariki Hannover tarehe 14 Novemba 1716. Clarke alizichapisha London mwaka uliofuata, tano za kila mmoja, na ile ya kumi haikujibiwa.